Kamera ya joto na ukuta unaovuja: inaona nini na haioni nini kwenye nyumba za Kilwa na Lindi

Mada ya leo ni ya kiufundi kidogo, lakini inamgusa kila mwenye nyumba pwani ya kusini, kuanzia Somanga, Kivinje na Masoko mpaka Lindi mjini. Ukuta unatoa doa. Baada ya muda rangi inabanduka, plasta inavimba, chumvi nyeupe inatoka kama unga wa sembe. Anaitwa fundi, anagonga gonga, anasema "ni bomba hili hapa". Anavunja mita mbili za plasta, bomba zima halina tatizo. Anahamia upande wa pili, nako hakuna kitu. Mwisho wa siku mwenye nyumba analipa hela ya kuvunja, ya kuziba, ya rangi, na doa linarudi palepale masika ijayo.

Sasa kumeingia hizi kamera za joto. Wengi tuliziona viwanja vya ndege wakati wa Korona mwaka 2020, zikipima abiria kama wana homa. Mafundi wa umeme wanazitumia kutafuta nyaya zinazopata moto, na mafundi wa majengo wanazitumia kutafuta maji kwenye kuta na mapaa. Sifa inayozunguka mtaani ni kwamba "ile kamera inaona maji ndani ya ukuta". Jamani, haioni maji. Haioni hata ndani ya ukuta. Ukilielewa hilo, kamera itakusaidia sana. Usipolielewa, utavunja nyumba nzima kwa kuamini picha yenye rangi nzuri. Na huku kwetu pwani hatari hiyo ni kubwa kuliko Dodoma au Iringa, kwa sababu mbili: hewa yetu na chumvi yetu.

KAMERA INAONA NINI HASA

Kila kitu kinatoa mionzi ya joto, hata ukuta, hata barafu. Macho yetu hayaioni. Mwaka 1800 mnajimu William Herschel, akiwa Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote unaoonekana, na kipimajoto kikapanda. Hiyo ndiyo mionzi ya infraredi.

Kamera ya majengo inapokea mionzi hiyo kutoka kwenye uso wa ukuta, inakadiria nyuzi za joto kwa kila nukta, halafu inazipaka rangi: kwa kawaida bluu au zambarau kwa sehemu ya baridi, njano na nyeupe kwa sehemu ya moto. Basi, ni hivyo tu. Rangi ya bluu haina maana ya maji. Maana yake ni kwamba hapo uso wa ukuta una baridi kuliko jirani yake. Kwa nini una baridi, hilo ni swali lako wewe, kamera haijui.

Kamera nyingi za kazi zinatofautisha hata sehemu ya kumi ya nyuzi moja ya sentigredi, na mkono wako hauwezi hilo. Ndiyo faida yake kubwa. Faida ya pili ni kwamba unaangalia ukuta mzima kwa sekunde chache bila kuugusa.

KWA NINI MAJI YANAACHA ALAMA

Ziko njia mbili, na usizichanganye kwa sababu zinatoa picha zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kukauka. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto. Ni ile baridi unayoisikia ukitoka kuoga baharini upepo ukivuma. Lita moja ya maji ikikauka inachukua joto zaidi ya mara 7 ya lile linaloitoa kwenye nyuzi 25 mpaka kuchemka. Kwa hiyo sehemu ya ukuta yenye maji, ikiwa inakauka, inakuwa ya baridi kuliko sehemu kavu.

Njia ya pili ni kutunza joto. Kilo moja ya maji inahitaji joto zaidi ya mara 4 ya kilo moja ya jiwe ili kupanda nyuzi moja. Ukuta wenye maji unachelewa kupata moto asubuhi, na ukishapata moto unachelewa kupoa jioni. Ndo maana zege la juu lililopigwa jua kutwa, ukiliangalia saa 2 usiku, sehemu iliyonyonya maji inaweza kuonekana ya MOTO kuliko sehemu kavu. Asubuhi na mapema, sehemu hiyohiyo inaweza kuonekana ya baridi.

Fundi anayekwambia "bluu ni maji, nyekundu ni kavu" bila kuuliza ni saa ngapi na jua lilikuwa wapi, huyo mwogope.

TATIZO LA KWANZA LA PWANI: HEWA

Maji yanakauka kwa kasi hewa ikiwa kavu. Hewa ikishiba mvuke, hayakauki, na yasipokauka hayapoozi ukuta, na usipopoa kamera haina cha kuona.

Tuchukue hesabu. Mchana wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa hewa asilimia 60, kitu kilicholowa kinaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 24. Hapo kuna nafasi ya nyuzi 6 hivi. Siku ya masika, hewa nyuzi 28 na unyevu asilimia 90, kitu hichohicho hakiwezi kushuka hata nyuzi 2. Na hivyo ni vipimo vya kitambaa kilicholowa chepechepe kwenye upepo. Ukuta wenye plasta na rangi unapata kidogo zaidi ya hapo? Hapana, unapata pungufu.

Maana yake ni hii: wakati ambao watu wanaita fundi, yaani katikati ya mvua doa likiwa limetapakaa, ndio wakati mbaya kuliko yote kwa kamera. Miezi mizuri ni ile ya kusi, Juni mpaka Oktoba, na kwa vyumba vya ndani mchana wa saa 8 mpaka saa 10 unafaa, kwa sababu ndipo unyevu wa hewa unapopungua. Doa litakaloonekana mwezi Agosti, mvua ikiwa imeshakata zamani, lina uzito mkubwa: maji hayo hayatoki mbinguni. Ama ni bomba, ama ni choo au bafu, ama yanapanda kutoka ardhini.

Kingine ni AC. Nyumba za wageni za Masoko na Lindi zina AC, na hewa ya nje ni nzito. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 80 inaanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 au chini yake. Ukuta unaopulizwa na AC usiku kucha umeshuka chini ya hapo. Asubuhi mlango unaachwa wazi, hewa ya nje inaingia, ukuta unatoka jasho kama chupa ya soda. Kamera itaonyesha bluu safi kabisa, ukigusa utalowa, na bomba halijapasuka popote. Kabla ya kupiga picha zima AC, fungua madirisha, subiri masaa kadhaa.

TATIZO LA PILI LA PWANI: CHUMVI

Angalia kopo la chumvi jikoni. Masika chumvi inalowa yenyewe, hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 75 inanyonya maji hewani. Sasa ukuta uliojengwa kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, au unaopigwa na upepo wa bahari miaka na miaka, au uliowahi kunyonya maji ya kisima cha chumvi, ni kopo la chumvi lililosimama.

Ukuta wa namna hiyo unalowa masika na kukauka kiangazi bila tone moja la bomba. Unaweza kubadilisha mabomba yote ya nyumba na doa likarudi. Hata kile kipima unyevu cha vidole viwili, kinachopitisha umeme kidogo kwenye plasta, kinadanganyika, kwa sababu chumvi inapitisha umeme vizuri na namba inapanda kupita kiasi. Nitaeleza chini jinsi ya kuutambua ukuta wa aina hii, na wala haihitaji kifaa cha gharama.

NYUMBA YA TOFALI SI NYUMBA YA MAWE

Masoko na mitaa mipya ya Lindi ni matofali ya saruji, nguzo za zege, lenta, bati. Vijijini bado kuna nyumba nyingi za miti na udongo. Lakini Kilwa Kivinje, mji uliokua karne ya 19 kwa biashara ya pembe na ya watumwa, kisha ukawa na boma la Wajerumani, una majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita hivi, na boriti za mikoko.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unafanya kazi tofauti kabisa. Una vitundu vingi. Unanyonya maji na unayatoa. Wazee walioujenga hawakutegemea kuzuia maji yasiingie kabisa, walitegemea yaingie na yatoke. Plasta ya chokaa inapitisha mvuke, na ukuta unapumua.

Sasa doa likitokea, fundi wa leo anafanya nini? Anabandua chokaa, anapiga plasta ya saruji "ili ikamate". Miezi michache panapendeza. Lakini maji yanayopanda kutoka msingini yamefungiwa njia. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya saruji, inasukuma, na siku plasta ikidondoka inaondoka na ngozi ya jiwe. Ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta mbichi zinaoza, na mwenye nyumba haoni kwa sababu usoni kuna saruji na rangi.

Hapa kamera ina kazi nzuri sana, pengine kuliko kwenye nyumba ya tofali. Plasta iliyoachana na jiwe ina hewa nyuma yake, kwa hiyo jua likiipiga inapata moto haraka kuliko plasta iliyoshika. Saa moja au mbili baada ya jua kuupiga ukuta, sehemu zilizoachana zinaonekana kama viraka vya moto. Gonga hapo kwa kifundo cha kidole, utasikia mlio wa kopo tupu. Lakini ukiiona mipaka ya maji kwenye nyumba ya mawe, dawa yake si saruji. Dawa ni kuyaondoa maji kwenye msingi, kurekebisha paa, na kurudisha chokaa.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na mita. Funga koki zote jioni, andika namba, usitumie maji mpaka asubuhi, soma tena. Namba ikitembea, maji yanapotea mahali. Kama mnatumia tangi la juu, funga maji yanayoingia, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji (kama tangi haliangazi, pima kwa kijiti). Hakuna kilichopungua? Basi bomba lenye presha lina uwezekano mdogo, angalia paa, bafu, maji machafu na ardhi. Hatua hii ni bure na inaokoa vunja vunja nyingi.

2. Kumbuka mgao. Kama bomba la kutoka barabarani linatoa maji siku mbili kwa wiki, basi linavuja siku mbili kwa wiki. Usilipime siku ambayo halina maji halafu ukasema ni zima.

3. Uliza historia. Doa lilianza lini? Linakua masika tu, au mwaka mzima? Mabomba yalipita wapi? Fundi aliyejenga bado yupo? Majibu haya yana thamani kuliko picha mia.

4. Chagua saa. Ukuta wa ndani: mchana, hewa ikiwa kavu, AC imezimwa, makabati yamesogezwa saa kadhaa kabla. Ukuta wa nje: kabla jua halijachomoza, saa 11 alfajiri, na tena saa 2 au saa 3 usiku. Piga picha mara mbili kwa nyakati tofauti. Doa la maji linabadilika kati ya asubuhi na usiku kwa namna inayoeleweka. Doa la rangi au kivuli halifuati mpango huo.

5. Tumia tangi la juu. Huku kwetu jua ni hita ya bure. Maji ya tangi jeusi lililokaa juani saa 9 alasiri yanakuwa ya moto kuliko ukuta wa kivulini. Fungua koki ya chumba unachokishuku, acha maji yakimbie, na uangalie ukutani kwa kamera. Baada ya dakika kadhaa njia ya bomba itaanza kuonekana kama mstari wa moto. Bomba zima linatoa mstari wenye kingo zilizonyooka. Panapovuja, mstari unavimba na kutapakaa kama wino kwenye karatasi. Bomba la plastiki linachelewa kupitisha joto, kwa hiyo kuwa na subira.

6. Funga kipimo cha rangi. Ukiiacha kamera ijipangie yenyewe, itachukua tofauti ya nusu nyuzi na kuipaka bluu mpaka nyekundu, ukuta mzima uonekane una balaa. Weka kiwango kimoja kwa picha zote za chumba hicho. Piga na picha ya kawaida palepale, usije ukasahau ni ukuta upi.

7. Hakikisha kwa njia nyingine KABLA ya nyundo. Hapa ndo penyewe, tuangalie kwa kirefu.

KUHAKIKISHA BILA KUVUNJA

Kipimo cha nailoni. Kata nailoni safi ukubwa wa karatasi, bandika kwenye doa, ziba pembe zote nne kwa gundi ya karatasi isiyoachia. Iache siku moja au mbili. Maji yakitokea upande wa nje wa nailoni, yametoka hewani. Yakitokea nyuma yake, yametoka ukutani.

Kipimo cha mizani. Toa unga wa plasta kwa tindo au dreli iendayo polepole, kiasi kidogo cha uso, sentimeta 1, na kingine cha ndani zaidi, sentimeta 5. Pima kila kimoja kwa mizani ndogo kama ya sonara. Kaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka uzito usishuke tena, pima upya. Mfano gramu 50 zikiwa gramu 46, maji yalikuwa gramu 4, karibu asilimia 9 ya uzito mkavu. Fanya hivyohivyo kwenye ukuta mzima usio na doa ili upate cha kulinganisha. Uso ukiwa umelowa kuliko ndani, mshuku chumvi au jasho la hewa. Ndani kukiwa kumelowa kuliko uso, maji yanatoka ndani: bomba, msingi au paa.

Kipimo cha rangi. Kwa bafu na choo, weka rangi ya chakula kwenye maji ya sakafuni, usubiri uone kama itatokea chumba cha pili au nje.

Ukishapata majibu mawili yanayokubaliana, chora duara kwa chaki, vunja hapo tu, tena anzia katikati.

KUSOMA PICHA

Doa linaloanzia juu na kupanuka kuelekea chini: paa, msumari wa bati, au bomba la juu.

Mkanda mlalo unaoanzia sakafuni na kuishia sawasawa kama pindo la kanga, mara nyingi chini ya mita moja au karibu na hapo: maji yanapanda kutoka ardhini. Aidha hakuna nailoni ya msingi, aidha udongo wa nje umepanda juu ya usawa wake.

Doa la duara katikati ya ukuta, halina uhusiano na juu wala chini: hapo bomba linaanza kushukiwa.

Doa pembeni mwa dirisha, chini ya kona: mvua inayopigwa na upepo. Kimbunga Hidaya cha mwezi Mei 2024 kiliikumba pwani hii na mvua na upepo wa kutosha. Mvua ya ubavuni inaingia mahali ambapo mvua ya kawaida haigusi.

Kwa nyumba za miti na udongo, mkanda wa baridi chini ya ukuta mara nyingi ni maji yanayorushwa na matone ya paa. Kurefusha paa au kuchimba mfereji kunamaliza kazi.

YANAYODANGANYA KAMERA

Bati jipya na chuma kinachong'aa. Havitoi joto lake vizuri, vinaakisi kama kioo. Ukielekeza kamera juu ya bati utapima baridi ya anga. Kioo cha dirisha nacho vilevile, unaweza kujipiga picha mwenyewe ukadhani umeona doa.

Nguzo za zege na lenta ndani ya ukuta wa tofali. Zinapoa na kupata moto kwa mwendo wao, zinatokea kama mistari iliyonyooka. Maji hayanyooki hivyo.

Kivuli cha mti, kiraka cha rangi mpya, mahali kabati lilipokuwa, njia ya mchwa. Vyote vinatoa alama.

Vigae vya bafuni. Nyuma ya kigae maji yanaweza kujaa, na uso wake usiseme kitu. Kamera kunyamaza si ushahidi kwamba pakavu.

NA MAGOFU JE?

Tusisahau kwamba kuta zenye thamani kuliko zote pwani hii hazina mwenye nyumba wa kulipa fundi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaokoa. Moja ya sababu zilizotajwa ni maji. Kule Husuni Kubwa, jumba la mwanzo wa karne ya 14 lililojengwa ukingoni mwa mwamba juu ya bahari, maji ya mvua yalikuwa yanaosha udongo na kuhatarisha kuta zilizobaki, na upande wa mashariki ulikuwa unapotea taratibu. Mimea ilisaidia kushika udongo, lakini mizizi yake hiyohiyo ilipasua kuta.

Kwenye ukuta kama huo huwezi kuchukua tindo ukachokonoa. Kifaa kinachotazama bila kugusa, kikionyesha wapi plasta imeachana na wapi maji yanakaa, ndicho kinachofaa, mradi kinatumiwa na wanaohusika na mambo ya kale na wenye kuusoma ukuta wa chokaa. Lakini hata huko, picha ni mwanzo wa uchunguzi. Kinachookoa ukuta ni mfereji wa maji, chokaa sahihi, na mtu wa kurudi kila baada ya mvua.

Kwa wanaoishi ndani ya nyumba za mawe, hili si jambo la utalii. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa. Sisemi maji ndiyo yaliyoiangusha. Ninachosema ni kwamba ukuta wa mawe na chokaa ukishachoka hauko salama kwa aliye chini yake. Ukiona ukuta mnene umevimba tumbo, ufa umepanuka, au boriti imelegea kwenye tundu lake, usitafute kamera. Toa watu kwanza.

UNUNUE, UKODI, AU UACHE?

Tangu mwaka 2014, kampuni ya FLIR ya Marekani ilipotoa kifaa cha kuvalisha simu, kamera hizi zimeshuka bei na zimekuwa za kila aina. Angalia idadi ya nukta za joto, si za picha ya kawaida. Nukta 80 kwa 60 zinatosha kuona njia ya bomba ukiwa karibu. Kwa ukuta mrefu au paa, tafuta 160 kwa 120 na kuendelea, 320 kwa 240 ni nzuri kwa fundi wa kazi. Kwa mwenye nyumba moja, kununua hakulipi. Mafundi watatu au wanne wa mji mmoja wakichangishana kununua moja, hapo inalipa.

Na ukimwita mwenye kamera, muulize maswali manne kabla hajaitoa kwenye mkoba: Atakuja saa ngapi na kwa nini saa hiyo? Atahakikisha kwa kipimo gani kingine? Chumvi ataitofautisha vipi na bomba? Na kama ukuta ni wa matumbawe, atauziba kwa nini? Akijibu yote manne, mpe kazi. Akisema "kamera inaona kila kitu", mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende zake.

Usomaji wa mita na kipande cha nailoni havigharimu kitu. Anza navyo leo, kamera ije baadaye kama bado ina kazi. Wenye uzoefu wa kuta za Kivinje, Lindi na Mikindani, na mafundi chokaa waliobaki, tupeni maarifa yenu hapo chini, maana nyie ndio wenyewe.

Nawasilisha.